Tutafute Jina, Tusitafute Kabila

Somo kwa vikundi: hasira ya wananchi, ubaguzi na matumizi mabaya ya nguvu za dola



Somo la robo hii tumeliandaa tukiwafikiria zaidi wanavikundi wa Kilosa na Mikumi, kuanzia kata ya Mabwerebwere hadi vijiji vinavyopakana na hifadhi, lakini kikundi chochote kinaweza kulitumia. Tengeni saa mbili. Kama kijijini kwenu wapo wakulima na wafugaji, msilisome kila upande peke yake. Tunajua ni rahisi kusema kuliko kutenda.

Tuanze na maneno mawili ambayo sisi Watanzania tumeyazoea sana katika magazeti na redio. La kwanza ni "wananchi wenye hasira kali". Kijana ametuhumiwa kuiba pikipiki, amepigwa, amechomwa moto, na habari inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. La pili ni "majibizano ya risasi". Watu wamekutwa wamekufa, na taarifa inasema walikuwa majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi na polisi. Ukiyatazama kwa makini utaona maneno hayo mawili yanafanya kazi moja. Yote yanamficha aliyeua. Katika la kwanza ameua kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyeua. Katika la pili imeua risasi.

Somo letu linahusu jambo hilo. Watu wakionewa wana haki ya kukasirika, na hatutamwambia mtu aliyepoteza ndugu yake kwamba anyamaze. Tunachouliza ni hasira hiyo inamtafuta nani. Tutatumia habari mbili za mkoa wetu wa Morogoro, kisha tutatoka nje kidogo.

Rudewa Mbuyuni, 2000

Wakazi wengi wa Kilosa wenye umri wa kutosha hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 8 Desemba 2000, siku moja kabla ya sikukuu ya Uhuru, wafugaji wenye silaha walivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni na kuua wakulima 38. Wengine walijeruhiwa. Msiba wa ukubwa huo kati ya wakulima na wafugaji ulikuwa haujaonekana katika wilaya yetu.

Vijana wengi wanasimuliwa habari hii kwa sentensi moja tu, kwamba Wamaasai waliwaua wakulima. Sentensi hiyo inaacha nje mambo mengi. Haisemi kwamba miezi kabla ya mauaji ng'ombe walikuwa wakikamatwa na sungusungu wa vijiji vya wakulima, na mwenye mifugo akitakiwa kulipa ndipo awarudishiwe. Haisemi pia kwamba wakulima nao walikuwa na kilio cha kweli: mazao yameliwa, wamelalamika, mwenye ng'ombe amezungumza pembeni na kiongozi, na fidia haikufika. Watafiti waliofuatilia mgogoro huo baadaye walikuta pande zote mbili zikisema jambo moja kuhusu rushwa. Mkulima aliamini ofisi imenunuliwa na mfugaji. Mfugaji naye aliamini ofisi inamkamua kama anavyomkamua ng'ombe wake, na kwamba akienda kulalamika polisi hasikilizwi.

Ardhi yenyewe ilikuwa imebana. Wakati wa kiangazi mifugo ya vijiji kama Twatwatwa na Mbwade inahitaji kufika kwenye maji na majani ya mabondeni, na mabonde hayo hayo ndiyo mkulima anayoyataka kwa mpunga na mboga. Hapo ugomvi ni wa kawaida na unaweza kuamuliwa. Bwana shamba anakagua hasara, pande zinakaa, fidia inalipwa, risiti inaandikwa. Lakini palipotakiwa kuwa na mwamuzi palikuwa na mtu anayefaidika na ugomvi usiishe.

Sasa tazameni hasira ilikwenda wapi. Haikumwendea aliyekula fedha. Ilikwenda kwa watu ambao kosa lao lilikuwa kuishi katika kijiji fulani na kushika jembe. Baada ya mauaji hasira ya upande wa pili nayo haikutafuta walioshika silaha. Ilimwangukia kila aliyevaa lubega, hata mzee ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani kwake.

Waumini wanaijua habari ya ndugu wawili, mmoja mkulima na mwingine mchungaji, na damu ya kwanza kumwagika duniani. Jambo linalosahaulika ni kwamba katika Biblia muuaji yule aliitwa, akaulizwa swali, akahukumiwa yeye. Kisha akawekewa alama ili kila atakayemwona asije akamuua. Kulipiza kisasi kulizuiwa tangu siku ya kwanza.

Shuka na jembe

Tunaposikia neno ubaguzi tunafikiria Afrika Kusini ya zamani au Marekani, mtu mweupe na mtu mweusi. Huku kwetu hatuna weupe na weusi. Tuna shuka na jembe. Mtu anatazamwa mavazi, masikio na lafudhi, na hukumu imekwishatoka. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alipotokea. Ibara hiyo haina sehemu inayosema "isipokuwa kama ng'ombe wameingia shambani".

Ubaguzi huu unakuwa mzito zaidi unapoingia katika operesheni ya Serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2009 iliendeshwa operesheni ya kuwaondoa wafugaji katika wilaya ya Kilosa. Mashirika ya haki za binadamu na ya wafugaji yaliyofuatilia yalilalamikia faini kubwa, mifugo iliyopotea na familia zilizotawanyika. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili katika sehemu nyingi za nchi. Ujangili ulikuwa tatizo la kweli, tembo walikuwa wanakwisha. Lakini malalamiko ya mateso, vifo na mifugo kuuawa yalifika bungeni, kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba 2013 mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Ni mara chache katika nchi yetu kilio cha watu wa porini kimewafikia wakubwa kiasi hicho. Inafaa tukumbuke kilivyowafikia: kwa wabunge waliosimama na kueleza nani alifanyiwa nini, wapi na lini.

Kuna jambo la zamani pia. Askari wa mkoloni hawakuletwa nchini kumlinda mwananchi. Waliletwa kusimamia kodi, kazi za kulazimishwa na kiboko cha hamsa ishirini. Askari wa leo ni mtoto wetu, amekula ugali kama sisi, na wengi wanafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Hata hivyo mazoea ya kumwona mwananchi kama mtu wa kutiishwa hayakuondoka na bendera ya Mwingereza mwaka 1961.

Wafanyabiashara wa Mahenge, 2006

Habari ya pili inaanzia mkoani kwetu. Ukitoka Mikumi ukashuka Kidatu na Ifakara, mbele yake utafika Mahenge, mji wa milimani ambako vito huchimbwa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge walikuwa Dar es Salaam. Tarehe 14 walikamatwa na polisi pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba, na wote wanne wakauawa. Wananchi waliambiwa kwamba walikuwa majambazi, na kwamba walikufa katika majibizano ya risasi.

Jambo lingeweza kuishia hapo. Mengine mengi yameishia hapo. Lakini ndugu wa marehemu walikataa maelezo yale, magazeti yakaandika, watu wakachukia. Rais Kikwete, ambaye hakuwa hata na miezi miwili Ikulu, akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Ikabainika kwamba waliouawa hawakuwa majambazi na kwamba walipigwa risasi wakiwa mikononi mwa polisi, katika msitu wa Pande. Maafisa na askari wa polisi wakapandishwa kizimbani, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, Abdallah Zombe, na ndiyo maana watu wengi waliiita kesi ya Zombe.

Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote. Jaji Salum Massati alisema waliofanya mauaji hawakuwa miongoni mwa waliokuwa mbele yake. Nchi ilinung'unika sana. Upande wa Jamhuri ukakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe na wenzake wawili walibaki huru.

Tunajua wengine watasema: miaka kumi na zaidi, watu wanne wamekufa, na mwishowe ametiwa hatiani mtu mmoja! Hatuwezi kuwaambia kwamba hiyo ni haki iliyotimia. Lakini linganisheni na Rudewa. Hapa hakuna kituo cha polisi kilichochomwa moto, na hakuna mtoto wa askari aliyepigwa mawe shuleni kwa sababu ya kazi ya baba yake. Neno "majambazi" lilifutwa juu ya majina ya marehemu, na kwa mzazi au mjane jambo hilo si dogo. "Majibizano ya risasi" yaligeuka kuwa swali: nani, kwa amri ya nani, wapi, saa ngapi. Na mahakama iliweza kumtenga mwenye hatia na wale ambao ushahidi haukuwagusa. Wananchi wenye hasira kali hawawezi kufanya hivyo.

Nguvu ya aliyeshuhudia

Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa amezungukwa na polisi. Wanahabari wenzake walikuwa wamepiga picha. Kwa picha zile haikuwezekana kusema kwamba hakuna aliyejua kilichotokea, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Wengi waliona ni adhabu ndogo.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani pia. Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis, askari mweupe alimkandamiza shingoni kwa goti mtu mweusi, George Floyd, kwa zaidi ya dakika tisa mpaka akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyepata tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama pale alirekodi tukio lote kwa simu yake. Maandamano yakasambaa dunia nzima. Mahali pengine maduka yakachomwa, yakiwamo ya watu weusi wenyewe. Mahakamani, pamoja na maelezo ya mashahidi na madaktari, ilisimama video ile. Mwaka uliofuata askari huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Uingereza kuna habari inayotufaa zaidi, kwa sababu ni ya watu wasiochoka. Mwaka 1993 kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na vijana weupe akiwa kituo cha basi jijini London. Polisi walizembea. Wazazi wake walibisha hodi kila mlango, mpaka uchunguzi wa Jaji William Macpherson ukatoa ripoti mwaka 1999. Ripoti hiyo ilisema ubaguzi unaweza kukaa ndani ya taasisi yenyewe, katika mazoea yake ya kumsikiliza huyu na kumpuuza yule, hata kama askari mmoja mmoja hajioni kuwa mbaguzi. Wawili kati ya wauaji walihukumiwa mwaka 2012, miaka 18 na zaidi baadaye.

Wanavikundi wa Kilosa wataielewa ripoti hiyo haraka kuliko Waingereza wengi. Mfugaji anapofika kituoni na kuambiwa "nyie ndio zenu", anakutana na jambo lile lile. Mkulima maskini naye, anayeambiwa arudi kesho mara saba, hayuko mbali nalo.

Majirani zetu wa Kenya wana chombo cha kiraia cha kuchunguza polisi, IPOA, kilichoanza kazi baada ya sheria ya mwaka 2011. Wakili Willie Kimani alimsaidia dereva wa bodaboda aliyepigwa risasi na polisi kupeleka malalamiko yake huko. Juni 2016 wote wawili walitekwa na kuuawa pamoja na dereva wao wa teksi. Mawakili waliandamana na kususia mahakama. Mwaka 2022 askari watatu na mtoa habari wao walitiwa hatiani. Kuwa na chombo hakukuzuia mauaji, ila kulisaidia yasifukiwe.

Kwetu Tanzania, Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake mwaka 2023 na kupendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Kisha yakaja matukio ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Watu walipigwa risasi mitaani, intaneti ilizimwa, na idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku hiyo. Novemba 2025 Jaji huyo huyo aliteuliwa kuongoza tume ya kuchunguza. Kwa familia zilizopoteza watu, tunasema pole, na tunasema pia: andikeni jina, mahali na saa, kabla kumbukumbu haijafifia.

Mambo ya kufanya kijijini

Mkiona mtu amekamatwa, mmoja wenu amfuate hadi kituoni. Aandike tarehe, saa, jina la kituo, namba ya gari na namba ya askari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa 24 kama kipimo: baada ya hapo mtuhumiwa apewe dhamana au afikishwe mahakamani, ingawa makosa makubwa kama mauaji yana utaratibu wake. Dhamana hailipiwi. Anayedai fedha ya dhamana anadai rushwa, na siku, saa na kiasi alichotaja viandikwe.

Aliyepigwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Fomu ya polisi namba 3, ile PF3, hutolewa na polisi, na hapo ndipo ugumu ulipo kama waliopiga ni wao. Nendeni kituo kingine, na kwa vyovyote vile mwombeni mganga aandike kwenye faili kila jeraha analoliona. Mtu akifia mahabusu, ndugu wasikubali kuzika haraka kabla ya uchunguzi wa daktari. Tunajua hili linagongana na desturi, na kwa Waislamu linagongana na wajibu wa kuzika mapema. Zungumzeni na shehe au mchungaji wenu mapema, kabla hayajawakuta. Ipo sheria ya uchunguzi wa vifo inayompa hakimu uwezo wa kuchunguza kifo chenye utata.

Malalamiko yaandikwe. Yaanzie kwa mkuu wa kituo, yapande wilayani na mkoani, na nakala iende Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kusaidia kuandika. Nakala moja ibaki kwenu, ikiwa na muhuri wa mapokezi. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi ni kama haikuandikwa.

Na sisi wenyewe je? Mwizi akikamatwa akapigwa na kijiji, sisi ndio polisi wabaya siku hiyo. Kikundi kinachotaka polisi wahesimu sheria kiwe tayari kusimama mbele ya kundi lenye mawe na kusema mtu huyu anapelekwa kituoni akiwa hai. Hilo ni jambo la hatari. Lipangeni kabla: nani atapiga simu, nani ataita mwenyekiti wa kitongoji, akina nani watasimama pamoja.

Kuhusu ardhi, Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Ulizeni la kwenu lilikaa lini. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unaoonyesha njia za mifugo na sehemu za kunywesha hauna shangwe ya maandamano, na pengine ndiyo maana haupewi uzito. Lakini pale mpaka ulipochorwa na pande zote zikiwapo, kiongozi hana cha kuuza.

Maswali ya kujadili

Katika kijiji chenu, ni kabila au kundi gani hutajwa kwanza kitu kinapoibwa, na mara ngapi ilithibitika? Mlipolipa faini ya mifugo au mlipodai fidia ya mazao, ni wangapi kati yenu walipewa risiti, na fedha ilipokewa na nani? Kama askari mmoja amewatendea wema, anajua kwamba mmelitambua hilo? Nani katika kikundi ataitunza daftari ya matukio, na nani mwingine atajua ilipo ikiwa yeye atahama au atakamatwa?